Mashine Yenye Huruma

Surabaya, 11 Machi 2012

Kwa Mama Mdogo Mintarsih,

Asalaam aleikum na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na Bibi naye kikohozi kimemwachia. Mimi nipo, ni joto la huku tu linanimaliza. Korosho ulizonitumia zilikwisha siku ile ile zilipofika. Wenzangu wa chumbani walizivamia bila aibu, mimi mwenye mali nikaishia kulamba chumvi iliyobaki kwenye mfuko.

Sasa Mama Mdogo, nina shida. Usikunje uso kwanza, si ya pesa.

Profesa Hartini, msimamizi wangu, hatimaye ameikubali mada yangu ya shahada ya pili: ubora wa huduma na teknolojia katika kampuni za usafiri. Na kampuni iliyonikubalia kufanya utafiti ni hiyo hiyo unayoikatia tiketi, Mabasi ya Sekar Jati. Bwana Wibisana, mtoto wa mwenye kampuni, ametia sahihi mwenyewe huko makao makuu Solo. Sharti lake ni moja tu, nikimaliza nimpe nakala.

Nataka kujua abiria wanaionaje ile mashine ya tiketi mliyowekewa hapo ofisini Wonogiri mwaka jana. Kondakta Giyono atakukabidhi bunda la karatasi pamoja na barua hii. Kila karatasi ina sentensi, mathalani "Mashine ni rahisi kutumia" au "Mashine inaelewa mahitaji yangu", na mbele yake kuna namba, moja mpaka tano. Moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa. Mtu anaweka tiki pale anapoona panamfaa. Ningekuja mwenyewe, lakini nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na Profesa hanipi hata nafasi ya kupumua.

Nakuomba kitu kimoja, Mama Mdogo, nakuomba sana: waache watu wajibu wenyewe. Usiwaelekeze. Nakujua mimi.

Nisalimie Bibi, mwambie ninamwota.

Mwanao,
Palupi


Wonogiri, 30 Machi 2012

Palupi mwanangu,

Marahaba, na wa aleikum salaam. Bibi yako anakula, anagomba, anamsema daktari vibaya mbele ya uso wake, kwa hiyo mzima. Binti wa jirani ameposwa na fundi simu wa Ngadirojo, na mama yake siku hizi anatembea shingo juu utadhani anaolewa yeye. Mvua imetutoboa paa la jikoni. Nimeweka ndoo, Bibi anasema ndoo inampigia kelele.

Karatasi zako hizi hapa, Giyono anakuletea. Zote zimejaa! Hakuna hata moja iliyorudi tupu. Nilikaa nazo kaunta nikasimamia kama mwalimu wa zamu.

Maana ningewaachia wenyewe, mwanangu, usingepata kitu. Watu wa hapa unawajua. Nani atamwandikia mwenzake ubaya kwenye karatasi, halafu kesho akutane naye sokoni? Tena wakiona namba wanaingiwa na hofu, wanadhani ni mambo ya serikali. Ikabidi niwaeleze kwamba huu ni mtihani wa mtoto wa marehemu dada yangu. Ukiweka tiki huku kwenye tano, anafaulu. Ukiweka kule kwenye moja, anafeli. Basi, wakaelewa! Kila mtu akakimbilia tano.

Ila yule Kasiyem muuza jamu za mitishamba, anayekwenda Jakarta kila mwezi, si akaleta ubishi? Amefika pale penye "Mashine inaelewa mahitaji yangu", anataka kuweka mbili. Anasema, "Itanielewaje, Bi Mintarsih, na mimi hata kuigusa sijawahi kuigusa?"

Nikamwambia, we Kasiyem, tiketi yako ya leo imetoka wapi?

"Kwenye mashine."

Kaibonyeza nani?

"Si wewe?"

Ulisumbuka?

"Sikusumbuka."

Haya, weka tano hapo, usimfelishe mtoto wa watu kwa kiherehere chako. Akaweka, na akakuandikia salamu pembeni.

Na ni kweli, hawasumbuki. Mashine ilipoletwa walisimama mbali nayo kama ng'ombe walioletewa mgeni zizini. Lile likioo, ukiligusa linauliza, ukilijibu linauliza tena. Mtu mzima anatoka jasho. Kwa hiyo mimi natoka nyuma ya kaunta nawabonyezea. Anayetapika namweka mbele, wa kwenda msibani namweka dirishani apate kulia kwa nafasi, na yule Sarmi namweka mbali kabisa na mwanamume waliyeachana naye, maana wote wawili hupanda basi la Jumatatu. Bwana Wibisana anataka kuona tiketi zinatoka kwenye mashine, basi zinatoka.

Wewe ufaulu tu. Mama yako angekuwepo leo, sijui tungekaa wapi kwa vigelegele vyake. Haya, niishie hapa kabla sijaharibu karatasi kwa machozi.

Mama yako Mdogo,
Mintarsih


Surabaya, 22 Aprili 2012

Mama Mdogo,

Asalaam aleikum, shikamoo. Nimefurahi kusikia Bibi anagomba. Mimi nimekonda kidogo lakini usiwe na wasiwasi, ni kompyuta hii, inanifanya nisahau kula. Mwambie jirani hongera, na hiyo ndoo iwekee kitambaa ndani, haitapiga kelele.

Karatasi nilizipata, zote. Sijui nikushukuruje. Nimeingiza majibu, nimepiga hesabu zangu, na Mama Mdogo, sijawahi kuona matokeo mazuri namna hii. Profesa Hartini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kuna kipengele tunakiita kujali, yaani mteja kuhisi kwamba anayemhudumia anamwonea huruma na anamjua. Katika vitabu vyote nilivyosoma, mashine huanguka hapo. Hii yenu ya Wonogiri imepata alama za juu kuliko usafi wa ofisi, kuliko usalama, kuliko hata madereva! Profesa anasema huenda tumegundua jambo kuhusu sisi Wajava na teknolojia ambalo hakuna aliyeliona. Anataka tuandike makala, jina lake na langu, tuipeleke kwenye jarida la nje ya nchi.

Bwana Wibisana naye amepiga simu mwenyewe. Anaitaka nakala hata kabla sijaitetea tasnifu.

Kuna kitu kidogo tu. Ile habari ya Mama Kasiyem, na ya kuwaambia watu ni mtihani, ulikuwa unanitania, sivyo? Ninavyokujua, kikombe cha unga ukikisimulia wewe kinakuwa gunia. Niambie tu kwamba ulikuwa unatania, niendelee na kazi kwa amani.

Mwanao,
Palupi


Wonogiri, 14 Mei 2012

Palupi mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mimi zangu nazituma. Bibi alianguka bafuni, usishtuke, aliangukia makalio na akaamka akilaumu sabuni. Nimemkanda mguu, anaendelea vizuri. Kitambaa kwenye ndoo kimesaidia. Siku hizi analalamikia ukimya.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Ndiyo, nilikuwa nakutania. Kasiyem aliweka tano mwenyewe. Endelea na kazi yako, mwanangu, na ule chakula.

Huku kwetu kuna neema. Wamekuja vijana wawili kutoka Solo na utepe wa kupimia, wakaipima kaunta yangu urefu na upana, wakaandika. Mmoja akapiga magoti akachungulia chini kuona kama imeshikiliwa kwa misumari au kwa skrubu. Mimi nadhani mambo ndiyo hayo, mashine imewaletea sifa, sasa wanatutengenezea na sisi pa kukaa. Nikawaambia kiti nataka chenye mgongo, miaka yote hii nakalia kigoda, kiuno kimekwisha. Nikawapa chai na tempe ya soya iliyokaangwa. Nilipowaambia mimi ndiye mama yake yule msichana mwenye utafiti, wakatazamana. Mmoja akasema, "Aa. Hongera sana, Mama." Vijana wana adabu, basi tu mmoja hakumaliza chai yake.

Siku ya kutetea hiyo tasnifu vaa ile batiki ya kahawia ya mama yako. Itakukaa vizuri.

Mama yako Mdogo,
Mintarsih


Surabaya, 24 Juni 2012

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimefaulu.

Nimefaulu kwa daraja la juu kabisa. Nilivaa batiki ya mama. Mmoja wa watahini aliniuliza, "Una uhakika watu walijibu kwa hiari yao?" Nikajibu kwamba karatasi zilisimamiwa na mtu mwenye uzoefu mrefu wa ofisi hiyo. Akaitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa mwingine. Na kuna kubwa zaidi: Profesa ameniombea nafasi ya kufundisha hapa hapa chuoni, nimepata, naanza Septemba. Mwambie Bibi mjukuu wake ataitwa mwalimu. Naye mguu wake vipi? Anatembea?

Bwana Wibisana alinialika Solo niwaeleze wakuu wa ofisi zote matokeo yangu. Nilipewa kipaza sauti, nikaonyesha michoro ukutani. Walinipigia makofi. Wali wa nazi ulikuwa mzuri lakini sikuumaliza, labda kwa uchovu. Baada yangu alisimama yeye akaonyesha mipango ya kampuni, na alilitaja jina langu mara kadhaa. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa mbali kidogo, karibu na mlango, na feni ilikuwa inapiga kelele.

Mama Mdogo, huko ofisini kuna jambo lolote limezungumzwa? Kiti chako kimekuja?

Niandikie upesi. Giyono anaondoka kesho na barua hii.

Palupi


Wonogiri, 19 Julai 2012

Palupi mwanangu,

Salamu. Hongera, hongera tena na tena. Bibi alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Nilitaka kukuandikia siku ile ile, ila mambo yakawa mengi, ndipo nikakawia. Nisamehe.

Mfungo umefika. Mwaka huu nipo nyumbani zaidi, nimepata nafasi ya kumwangalia Bibi na kukaanga vitafunio vya karanga vya Idi. Wateja wapo wapo. Paa la jikoni limezibwa.

Kiti unachoniuliza bado hakijaja.

Ukiwa na barua tuma kwa posta. Posta siku hizi wanafanya kazi vizuri tu, hakuna haja ya kumsumbua Giyono wa watu. Ramadhani njema, mwanangu.

Mintarsih


Surabaya, 3 Agosti 2012

Mama Mdogo,

Asalaam aleikum. Sijui niulize hali yako kwa mdomo gani, lakini nauliza. Hujambo? Bibi hajambo? Mnafuturu nini?

Barua yako ilipofika na stempu juu yake nilishindwa kuifungua. Tangu nije huku hujawahi kunitumia kitu kwa posta. Wewe ndiye uliyekuwa ukiitukana posta! Nikaenda kituo cha mabasi nikamsubiri Giyono. Nilipomuuliza habari zako alianza kukagua tairi lisilo na kasoro. Nikamng'ang'ania. Mwishowe akasema, "Bi Mintarsih hayupo tena kaunta, Mwalimu. Hata kaunta yenyewe haipo." Ameniita mwalimu, Mama Mdogo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa nini hukuniambia? Mimi ndiye niliyefanya hivi. Siku ile Solo nilisikia. Feni haikuwa na kelele yoyote. Bwana Wibisana alisema kwamba kwa kuwa utafiti umethibitisha abiria wa Wonogiri wanaona mashine inawajali, hakuna sababu ya kuendelea kuweka mtu mbele yake. Nilikuwa nimeshika sahani. Nilijiambia labda atakuhamishia kazi nyingine, labda atakuwa amebadili nia hata kabla ya Idi. Nikanyamaza, nikapanda gari nikarudi.

Sikiliza, bado kuna la kufanya. Kaunta za Baturetno na Pracimantoro zinafungwa mwezi wa Oktoba. Nimesikia Bi Tarmini wa Baturetno, uliyeanza naye kazi, ana mume mgonjwa. Makala yetu haijatoka bado. Niandikie mstari mmoja tu wenye sahihi yako, useme kwamba watu waliambiwa waweke tano, na kwamba aliyekuwa anabonyeza mashine ni wewe. Nitaupeleka kwa Profesa, nitaupeleka Solo. Najua nitapoteza nafasi ya kufundisha, na pengine shahada yenyewe. Niko tayari. Lakini bila neno lako wataniona nimerukwa na akili.

Idi sitaweza kuja. Kuna semina ya walimu wapya siku zile zile. Nakuomba usihesabu kwamba nimekukimbia.

Mstari mmoja tu, Mama Mdogo.

Palupi


Wonogiri, 27 Agosti 2012

Palupi,

Salamu. Idi tumeila. Bibi mzima, mguu unamsumbua asubuhi. Watoto wa ukoo wote walikuja, wakapiga magoti mbele ya Bibi na mbele yangu, wakaomba radhi ya yale ya mwaka mzima kama desturi. Wakawa wanaulizia, Palupi yuko wapi? Nikasema ana semina. Hata wa Sumatra walikuja, mwanangu, wamevuka maji na watoto wachanga mgongoni. Nilikuwekea sahani mpaka chakula kikachacha.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Haya, nakuambia. Walikuja watatu kutoka Solo, wamevaa vizuri, wakaniita Ibu kwa heshima, wakaniketisha kwenye kigoda changu mwenyewe. Wakanisomea ukurasa kutoka kwenye utafiti wako. "Abiria wanaona kwamba mashine inawaelewa na inawajali." Nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Ningefanya nini? Ningesema mwanangu ni mwongo, mbele ya wageni? Wakaniuliza kama nina neno. Nikawaambia naomba waifute ile mashine vumbi kila asubuhi, maana ikiwa na vumbi haisikii kidole. Nikachukua mwavuli wangu nikaenda nyumbani. Iliniuma, Palupi. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni na sare yangu, sikuivua mpaka Bibi aliponiuliza kama ninarudi kazini.

Juzi, watu walipoanza kurudi Jakarta baada ya Idi, nilikwenda pale. Nilijidai napita tu. Mwanangu, foleni ilifika barabarani. Lile likioo linauliza, watu wanalitazama, linachoka kusubiri, linaanza upya. Kasiyem aliponiona akapiga ukelele, "Jamani, Bi Mintarsih huyo!" Wakanifungulia njia. Nikabonyeza. Sikukusudia, vidole vilikwenda vyenyewe. Nikambonyezea mmoja, wawili, nikawa nauliza huyu na yule wanakaa na nani, nikajisahau kabisa, nikafurahi! Mpaka Paiman mlinzi akanigusa bega, machozi yanamlengalenga, anasema, "Dada, samahani sana, nimeambiwa nisiruhusu." Nikampa pole yeye.

Kasiyem basi lilimwacha. Na alipokuwa amekaa kwenye vikapu vyake vya jamu akisubiri la jioni, akaja msichana wa kampuni na karatasi za maswali kama zile zako. Unajua aliweka nini? Tano, kuanzia juu mpaka chini. Nikamwambia, we Kasiyem, umeachwa na basi! Akanijibu, "Sasa huyu binti kanikosea nini? Muone alivyolowa jasho."

Sasa nije kwenye mstari wako. Sitauandika.

Barua ya Machi unayo. Kila kitu kimo mle, Kasiyem, mtihani, nani alibonyeza, na sahihi yangu iko chini. Ungetaka kwenda nayo kwa Profesa ungekwenda nayo mwezi wa nne. Ungekwenda nayo Solo. Hukuhitaji mstari mwingine. Wewe uliniandikia nikuambie kwamba natania, na mimi nikajua unataka kusikia nini, nikakupa, maana nimekulea na sijawahi kukunyima kitu nilichokuwa nacho. Sasa unaniomba tena. Safari hii unataka niandike ili iwe ni mimi niliyekutoa kazini, au nikatae ili iwe ni mimi niliyekuzuia. Vyovyote nitakavyofanya, wewe hutakuwa umefanya kitu.

Basi nakataa. Kaunta yangu imeshang'olewa, wamebaki wanasakafia tu. Nilipokuwa natoka pale na mwavuli wangu, nilikuwa na jambo moja la kunishikilia, kwamba mtoto wa dada yangu ni mwalimu wa chuo kikuu. Hapa mtaani nimeshawaambia wote. Ukienda kusema yale yote yalikuwa uongo, mimi nitakuwa nimekosa kazi na wewe umekosa kazi, na Wibisana hatairudisha kaunta, anajua kutafuta mtafiti mwingine. Sina nguvu ya kukosa vyote viwili.

Tarmini nimemfikiria. Usidhani sikumfikiria. Nilimpelekea vitafunio siku ya pili ya Idi, nikakaa kwake, nikamtazama akimgeuza mumewe kitandani, na sikumwambia kinachokuja. Hilo ni langu, nitakwenda nalo.

Fundisha vizuri. Usije huku mpaka ujisikie.

Mintarsih


Surabaya, 21 Oktoba 2012

Mama Mdogo,

Asalaam aleikum. Shikamoo, na nisamehe kwa kukawia. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Natumai mguu wa Bibi umepata nafuu. Mvua zimekaribia, mwangalie fundi asije akawadanganya na lile paa.

Ninafundisha. Wanafunzi ni wengi, hata majina sijayashika. Nimetuma kwa posta kifurushi cha dawa ya kukanda na kitambaa chako cha kichwa. Makala yetu imetoka. Profesa aliagiza keki, na nilikula kipande changu.

Giyono ameniambia Baturetno wamefunga. Alisema Bi Tarmini alilia kwa sauti mbele ya abiria, na kwamba abiria walimchangia. Sikumuuliza zaidi.

Barua ya Machi ninayo, ni kweli. Siku zote nilijua iko wapi. Nilipokuandikia mwezi wa nane nilikuwa nimeishika mkononi, Mama Mdogo, na nilikuwa nalia kweli, na niliamini kabisa kila neno nililoandika, la kwamba niko tayari kupoteza kila kitu. Nikaituma. Kisha nikakaa nikisubiri jibu lako, nikawa siwezi kula, nikiona mtu wa posta moyo unanilipuka. Wenzangu wakadhani nina mchumba.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama mlangoni. Nilisoma habari za Idi na sahani yangu, nikalia. Nilisoma habari za Paiman, nikalia tena. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba hutauandika ule mstari. Nimejaribu kutafuta namna nyingine ya kukueleza nilivyojisikia, sikuipata, na wewe hustahili nikudanganye mara nyingine.

Nilifurahi. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu, nikala wali sahani mbili, nikalala.

Mwanao,
Palupi